Baraka, usitie saini kwanza

Baraka ndugu yangu,

Habari za tangu Idi? Shemeji na watoto hawajambo? Huku wazima. Mama anakusalimu na anaulizia ile mikeka, nitairudia. Kwanza nakuomba: ile ripoti ya shafti usiitie saini.

Faili lako la kuigiza shafti na gia kwa kompyuta nimelifungua jana usiku. Shinikizo kati ya gia na shafti linasoma karibu sifuri. Gia iliyoingizwa kwa preshi, Baraka! Shafti milimita 50, kitovu cha gia 100 kwa nje, mbano, yaani shafti inavyozidi tundu la gia, mikroni 40 (milimita 0.04) kwenye kipenyo. Nimepiga hesabu ya mkono, ile ya mitungi minene ya Lamé iliyotukesha mwaka wa tatu: nimepata shinikizo la megapaskali 63. Zimekwenda wapi?

Zimefutwa kabla hesabu haijaanza. Uliiambia programu irekebishe nodi, zile nukta zinazobeba umbo, zinazoingiliana, nayo ikazisogeza mpaka nyuso zikagusana tu, bila mkazo wowote. Mbano wako imeuchukulia kuwa kosa la kuchora.

Nadhani najua ulikuwa unakwepa nini. Kile kifuniko cha pembeni kina mwanya, hakigusi kitu, basi kinaelea na programu inagoma hatua ya kwanza. Hapo marekebisho yanafaa kabisa, lakini yawe ya kifuniko peke yake.

Nilipoyazima kwenye gia yakazuka mengine: shinikizo la madoa madoa, hapa kubwa mno, pale hamna. Nikahesabu elementi za mzunguko, vile vipande vya meshi (wavu wa umbo): 40, kingo zimenyooka, na nodi za gia hazitazamani na za shafti. Ukingo ulionyooka hivyo unakata duara kwa mikroni 77 pale katikati yake, na mbano wetu kwa nusukipenyo ni 20 tu! Meshi imeumeza. Mimi ningezipanga nodi zitazamane, nyuso zote mbili nizichore kwa nusukipenyo cha milimita 25, kisha mbano niuandike kama namba, milimita 0.02, uingie kidogokidogo katika hatua ya kwanza kabla ya mzigo wowote. Kwenye kingo za gia shinikizo litapanda, usishtuke. Tazama katikati, liwe karibu na 63.

Nasisitiza kwa sababu gia hiyo haina kii, kile kipande cha chuma cha kuifungia kwenye shafti. Inashikwa na msuguano tu, na Fundi Ali anasimama pale pale kila siku.

Sasa niambie: mteja anaweza kungoja hadi Ijumaa? Nikupigie nani akusaidie meshi, Neema yupo? Na ile 40, imepimwa au umeitoa kwenye jedwali? Maana kwa H7/p6, kile kiwango cha jedwali cha tundu na shafti za kubanana, shafti ya 50 mbano wake ni kuanzia mikroni 1 hadi 42, na kwa 1 shinikizo halifiki hata megapaskali 2. Mwombe Ali aipime kwa maikromita leo hii, kisha unitumie namba hata kama ni usiku.

Mikeka ni miwili, ile ya ukindu. Utakuja nayo lini?

Wako,
Hamisi