Shamba la Baba haliuzwi

Kwako Mama, na Dada Mwanaidi utakayemsomea, na Athumani ambaye najua utasimama mlangoni kama vile hayakuhusu.

Assalaam alaykum. Mimi ni mzima, wasiwasi ni juu yenu. Ule ujumbe wa sauti wa Ijumaa nimeusikiliza mara nne, maana jogoo wa Bi Zuhura kawika palepale penye maneno ya maana. Nilicheka, halafu nikakaa kitandani kimya muda mrefu. Kumbe jogoo yule hajachinjwa bado.

Sasa nimeelewa. Athumani kapata mtu wa Dar anayetaka shamba la chumvi, mnangoja neno langu. Na nikikataa, basi nitume hela ya pikipiki. Na Mjomba Seif anasema tangu niingie kwenye mgodi wa dhahabu huku Mali nimekuwa bahili. Naanza na hilo la Mjomba, ndilo lililoninyima usingizi.

Mjomba huyohuyo ndiye aliyetukalisha juu ya mawe ya Husuni Kubwa, yale magofu ya jumba la masultani, akatusimulia msafiri Ibn Battuta alivyofika Kilwa mwaka 1331 akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, Abu al-Mawahib, yaani Baba wa Zawadi. Fakiri mmoja wa Yemen alimwomba nguo alizovaa. Sultani akarudi msikitini, akaingia nyumba ya khatibu, akazivua, akampa. Mjomba akifika hapo alikuwa anatutazama mifukoni, na sisi tulikuwa watoto wa kaptula tu.

Ila yaliyofuata hakutusimulia. Ibn Battuta yuleyule mwaka 1352 alifika huku Mali, kwa Mansa, yaani mfalme, Suleiman. Akaambiwa inuka, zawadi ya mfalme imekuja. Akainuka akitazamia mavazi na fedha. Ikaletwa mikate mitatu, kipande cha nyama ya ng'ombe ya kukaanga na kibuyu cha maziwa ya mgando. Alicheka sana, lakini kinyongo alikaa nacho, hata siku moja akasimama barazani akamwambia Mansa: miezi minne niko kwako hujanikirimu, nikawaambie nini wafalme wengine? Hapo ndipo akapewa nyumba na posho, na siku ya kuondoka akapewa mithqali 100 za dhahabu, mithqali ndiyo kipimo chao cha dhahabu. Kazichukua, na bado kaandika kuwa mfalme ni bahili. Mjomba, umejiona hapo?

Huyo Suleiman mimi namtetea. Kaka yake, Mansa Musa, ndiye yule aliyepita Misri mwaka 1324 akienda kuhiji, akagawa dhahabu mpaka ikashuka bei. Mithqali iliyokuwa haipungui dirhamu 25 za fedha ikawa 22 na chini ya hapo, na miaka kama 12 baadaye mwandishi al-Umari anaandika kwamba bado haijainuka. Watu wanapenda kuishia hapo. Wakati wa kurudi Musa alikuwa amekaukiwa, akakopa kwa wafanyabiashara wa Kairo, na riba yao ilikuwa ya kukaba. Anayekuja nyuma ya kaka wa namna hiyo atagawa nini zaidi ya mikate mitatu? Mimi nimetoa mchango wa harusi ya Rukia, bati za nyumba ya Mjomba mwenyewe, na ada za wale wawili. Mwezi wa Rajabu niliazima hela ya vocha kwa mwenzangu wa chumbani. Hilo sikuwaambia. Tuliache.

Habari njema ni hii: nimepandishwa, sasa ni msimamizi wa zamu ya usiku kwenye kinu cha kusagia mawe. Mbeleko uliyonifunga nayo, Mama, haikupotea bure. Wenyeji wananipa heshima zangu, na jina wamenipa pia, maana huku mgeni haachwi bila ukoo. Mimi ni Keita, ukoo wa Sundiata aliyeanzisha dola ya Mali, na Musa na huyo Suleiman. Hasara yake ni kwamba akina Coulibaly ni watani wa akina Keita. Fundi wetu mmoja Coulibaly, kila nikiingia zamu ananiambia nimenuka maharage, maana kumwita mtu mla maharage ndilo tusi tamu kuliko yote huku. Wao utani huo wanauita sanankuya, na wanasimulia kwamba uliwekwa mahali paitwapo Kurukan Fuga, Sundiata alipowakusanya watu baada ya vita vya Kirina, mnamo 1235. Nikamwambia kwetu mtani anazuia hata maiti isiingie kaburini mpaka apewe chake. Akasema basi sisi ni ndugu. Kisha tukagombana usiku kucha nani alikuwa tajiri, Mali au Kilwa. Nilimshinda kwenye sarafu: masultani wetu walipiga zao zenye majina yao, huku walipimiana vumbi la dhahabu, wakatumia kauri na vipande vya chumvi. Alinuna kidogo. Akaniletea chai. Huku chai ni bilauri tatu, ya kwanza chungu, ya mwisho sukari tupu.

Athumani, sasa sogea ndani.

Hapa nilipo, upande wa mto Falémé, zamani palikuwa nchi ya Bambuk, na dhahabu ya Bambuk ndiyo iliyovuka jangwa. Hata leo nje ya uzio wetu wanawake wanaosha mchanga kwa vibuyu. Nilimwona mmoja akizungusha maji, akamwaga, akazungusha, mwisho chini ya kibuyu zikabaki chembe tatu, ndogo kuliko ufuta. Aliziokota kwa ncha ya ukucha uliolowa. Watu hawa dhahabu walikuwa wanaikanyaga, walichokosa ni chumvi. Chumvi yao ilitoka Taghaza, katikati ya Sahara, mahali pasipo na mti hata mmoja. Nyumba na msikiti vilijengwa kwa matofali ya chumvi na kuezekwa ngozi za ngamia, na waliochimba ni watumwa, wakiishi kwa tende na nyama ya ngamia. Baba angewaonea huruma, na miguu yake ile iliyopasukapasuka.

Sikiliza bei. Mzigo wa chumvi ukifika Walata, mji wa ukingoni mwa jangwa, ulikuwa mithqali 8 mpaka 10. Mzigo uleule ukifika mji wa Mansa, 20 mpaka 30, siku nyingine 40. Chumvi haikubadilika, kilichoongezeka ni njia. Hata kabla ya Mali, wafalme wa Ghana ya kale walitoza dinari moja kwa kila punda wa chumvi anayeingia na dinari mbili anayetoka, kama vile ushuru wetu wa geti. Wewe unauza gunia pale pale kwenye tuta, kwa mwenye lori, kwa bei yake, kisha unasema shamba halilipi. Huyo wa Dar hanunui matope ya mikokoni kwa mapenzi. Umemuuliza anauzia wapi?

Bamako, nilipokwenda kufuata kibali, nilikuta vibao vya chumvi ya Taoudenni, machimbo ya jangwani, vimeegemezwa ukutani kama milango. Mama mmoja anavikata kwa shoka dogo, na vipande vikiruka watoto wanaokota wanaramba. Ndani kila kibao kina mistari ya kijivu, tabaka juu ya tabaka. Kipande kimoja nilikitia ulimini. Ikanijia harufu ya majaruba yetu jioni, maji ya bamvua yakiingia mlangoni na Baba anapiga kelele tuzibe upesi. Nilinunua kipande bila hata kupatana bei.

Kwa hiyo: hela ya kuziba tuta la upande wa mikoko nimemtumia Mwanaidi, iko kwenye simu yake. Ya pikipiki sitoi. Nimeweka pia nauli, Athumani aende Songea akaulize bei ya chumvi yenye madini joto, dukani na sokoni, aandike kwenye daftari. Karatasi za shamba abaki nazo Mama, chini ya godoro, siyo kwa Mjomba.

Hali ya huku msiulizie sana. Joto lipo, na kambini hatutoki ovyo.

Kile kipande cha chumvi nimempa kijana wa Mbeya anayekwenda likizo, atakiacha kwa Shangazi Temeke. Usikitie kwenye mchuzi, Mama. Kiweke kabatini karibu na picha ya Baba. Na akirudi, anibebee dagaa.

Athumani, kumbuka huku tuko nyuma yenu saa tatu. Ukinipigia alfajiri unaniamsha saa nane za usiku, na saa nane za usiku sikubali lolote.

Mwanao,
Hamisi