Barua ya wazi kwa Msajili wa Hataza, BRELA: ile miezi sita tushirikisheni

Ndugu Msajili,

YAH: WANANCHI KUSHIRIKI KATIKA KUPITIA MAOMBI YA HATAZA

Mimi ni fundi wa kuchomelea, Gerezani. Tunatengeneza mashine za kupukuchua mahindi, za kukamua miwa, na chochote ambacho mteja anakuja nacho kichwani bila mchoro.

Kwa Itifaki ya Harare ya 1982, ambayo Tanzania imejiunga nayo, mtu huomba hataza, yaani haki ya kuwa yeye peke yake wa kutengeneza na kuuza alichobuni, kwa ARIPO, shirika la nchi za Afrika la miliki ubunifu lililoko Harare, akaitaja Tanzania kati ya nchi anazotaka alindwe. Wachunguzi wa Harare wakiridhika wanaiarifu ofisi yako, nawe una miezi sita ya kusema kwamba hapa kwetu hataza hiyo haitakuwa na nguvu, kwa mfano kwa kuwa kitu chenyewe si kipya. Ukinyamaza, imepita.

Katika miezi hiyo, unamuuliza nani?

Nauliza kwa sababu mchunguzi hupima upya wa kitu kwa maandishi: hataza za zamani, majarida, vitabu. Gerezani hatuandiki. Mashine ikikamilika inapakiwa kwenye lori, na haupiti muda mafundi wa Vingunguti nao wanaitengeneza (hatushtakiani, tunataniana tu). Mtu akija kuiombea hataza, hakuna karatasi ya kumpinga. Ushahidi uko kwa watu.

Chukua mwarobaini, mti ulioota uani kwa watu mji mzima. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliwapa kampuni ya W. R. Grace na Wizara ya Kilimo ya Marekani hataza ya kutumia mafuta yake kuzuia ukungu kwenye mimea. Ulaya mtu yeyote anayo miezi tisa ya kupinga baada ya hataza kutolewa, na mwanaharakati Vandana Shiva wa India na wenzake wakapinga. Mwenye kiwanda mmoja wa India akaeleza kuwa alishaitumia njia hiyo zamani. Hataza ikafutwa mwaka 2000, rufaa ikatupwa Machi 2005. Ushindi ndiyo, lakini miaka kumi! Sheria ya India humruhusu mtu yeyote kupinga kabla hataza haijatolewa, na mimi naona huo ndio utaratibu wa maana.

Ombi langu halihitaji sheria mpya. Taarifa ikifika kutoka Harare, toeni muhtasari wa aya moja kwa Kiswahili pamoja na mchoro. Uwekeni kwenye tovuti, upelekeni SIDO kwenye viwanda vidogo, vyuo vya ufundi vya VETA na, kwa mambo ya dawa, Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili. Tupeni siku 60 kati ya miezi yenu sita. Hati nzima kwa Kiingereza cha mawakili haitatusaidia. Fundi akiuona mchoro anajua kama alishakichomelea kitu hicho.

Najua mtahofia washindani kukwamisha maombi ya wenzao. Basi msipokee maoni, pokeeni ushahidi: nani alikitumia, wapi, lini, picha, risiti ya chuma. Anayekuja na "hii haifai" tu, msimjibu.

Mkiamua kujaribu kwanza na zana za kilimo peke yake, sitalalamika. Nina picha za mashine zangu, zina tarehe, niko tayari kuja nazo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi mchomeleaji,
Gerezani, Dar es Salaam