Miwani ya kusomea ifike zahanati

Ndugu Mhariri,

Huku Lindi, mkulima akifikisha ufuta au korosho ghalani hupimiwa, huandikiwa kilo zake kwenye stakabadhi, hutia sahihi na kuondoka. Wengi wana miaka 50 na kuendelea, na darasa la saba walimaliza enzi za UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Kusoma wanajua. Tatizo ni kwamba hizo tarakimu hawazioni. Malipo yakiingia kwenye simu, mjukuu ndiye anayeitwa kusoma ujumbe, na kabla jua halijazama anaijua na namba ya siri. Hata kipimo cha kiuatilifu cha mikorosho huandikwa kwenye chupa kwa herufi za ukubwa wa sisimizi, basi watu wanakadiria tu.

Huu si ugonjwa. Mtu akivuka miaka 40 lenzi ya jicho huanza kukakamaa, na vitu vya karibu vinafifia. Dawa yake ni miwani ya kusomea, ile inayouzwa ikiwa tayari, kuanzia namba 1 hadi 3 na nusu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 ilitaja watu milioni 826 wenye tatizo hili ambao hawajapata msaada.

Kambi za macho zinafika wilayani, na madaktari wanaotoa mtoto wa jicho nawapa heshima yao. Lakini aliyeikosa siku hiyo, au ambaye miwani yake imekaliwa na mtoto, afanye nini? Akienda mjini, nauli na malazi vinazidi bei ya miwani. Wengine hununua mnadani, wakijaribisha moja baada ya nyingine mpaka waone. Sibezi, angalau wanaona. Ila machinga hawezi kushuku presha ya macho, ambayo hula uoni taratibu bila maumivu, na anayeibiwa uoni namna hiyo huendelea kubadilisha miwani akidhani ni namba tu.

Ndiyo maana nasema kazi hii wapewe wauguzi wa zahanati. Rwanda wamekwisha kuifanya. Kuanzia 2012, Wizara ya Afya yao na shirika la Vision for a Nation walifundisha wauguzi zaidi ya 2,000 wa vituo vya afya nchi nzima kupima macho, kutoa miwani na kuandika rufaa. Mafunzo ya msingi yalikuwa ya siku tatu. Siku tatu! Sisi semina za posho huchukua wiki.

Anayeuliza faida yake atazame Assam, India. Utafiti uliochapishwa 2018 ulihusisha wachuma chai 751 wenye miaka 40 na zaidi. Waliopewa miwani, ongezeko la uchumaji wao liliwapita wenzao kwa takriban asilimia 22.

Wapo wataalamu watakaosema kupima macho si kazi ya muuguzi. Kwa mtoto asiyeona ubaoni nakubaliana nao, huyo apimwe na mtaalamu na achongewe lenzi yake. Lakini kumsomesha bibi kibao cha herufi, kummulika jicho, kumpa namba 2, na kumwandikia rufaa akiwa haoni vizuri hata baada ya kuivaa, muuguzi anayezalisha usiku kwa mwanga wa simu hashindwi.

Wizara iiweke miwani hii katika mzigo ambao zahanati huagiza Bohari ya Dawa. Boksi la kwanza halmashauri zilinunue kwa ushuru wa mazao, ambao kila msimu zinaukusanya. Muuguzi auze kwa bei ya kununulia, fedha irudi kuagiza nyingine, na wasio na uwezo wapewe bure kwa kufuata orodha ya kaya maskini za TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, iliyopo ofisi ya kijiji.

Mwalimu mstaafu,
Lindi