Salamu za Idi el-Hajj: Hujaji wa Mwaka 1964

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu wa Unguja na Pemba, na nyinyi mlioko ng'ambo. Nakutakieni Idi yenye kheri, na namuomba Mwenyezi Mungu azipokee saumu zetu za Arafa, azikubali udhhia za waliochinja, na awarudishe mahujaji wetu kwa salama.

Siku hizi za takbira zimenikumbusha hujaji mmoja wa Aprili 1964, mwezi ule ule ambao Tanganyika na Zanzibar ziliungana. Huyo ni Malcolm X, Mmarekani Mweusi aliyejulikana baadaye kwa jina la El-Hajj Malik El-Shabazz. Kwa miaka mingi alikuwa mhubiri wa Nation of Islam, jumuiya iliyofundisha kwamba mtu mweupe ni shetani kwa maumbile yake, na mafundisho hayo yalipata wasikilizaji kwa sababu watu wale walikuwa wamefungiwa milango ya skuli, ya kazi na ya kura, na polisi waliopaswa kuwalinda ndio waliowapiga. Alijitenga na jumuiya hiyo mwezi Machi. Mwezi uliofuata alikuwa Makka, akila sahani moja na kuswali safu moja na Waislamu weupe wenye macho ya buluu, na jambo hilo lilimshangaza mpaka akaliandika katika barua zake.

Wapo wanaosimulia kwamba hija ilimpoza. Mimi sikubaliani nao hata kidogo, kwani alichokiacha Makka ni kumhukumu mtu kwa rangi yake, na vita vyake dhidi ya dhulma alirudi navyo kamili. Tarehe 28 Juni 1964, katika ukumbi wa Audubon, New York, alitangaza jumuiya mpya, OAAU (Organization of Afro-American Unity, yaani Umoja wa Wamarekani Weusi), iliyofuata mfano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulioasisiwa Addis Ababa mwaka 1963. Ilidai haki ya kujilinda pale serikali inaposhindwa kuwalinda raia wake, elimu ambayo ingemjuulisha mtoto Mweusi historia ya kwao, na uandikishaji wa wapiga kura. Lakini lengo lake zito zaidi lilikuwa kuitoa kesi ya Wamarekani Weusi katika mahakama za Marekani na kuifikisha Umoja wa Mataifa kuwa ni suala la haki za binadamu. Ndiyo maana mwezi Julai alikwenda Cairo na waraka wa kuwaomba wakuu wa nchi za Afrika waisimamie kesi ya ndugu zao milioni 22. Walipitisha azimio la kusikitishwa na ubaguzi uliokuwa ukiendelea Marekani, ila kesi yenyewe hawakuipeleka.

Mwezi wa Disemba, katika ukumbi ule ule, alizungumza pamoja naye Abdulrahman Babu, mtoto wa Unguja, aliyekuwa waziri katika serikali ya Muungano. Najivunia hilo, na papo hapo linaniuma, kwa kuwa mwezi Januari mwaka huo hapa kwetu watu walikuwa wameuliwa kwa sababu ya asili zao. Malcolm X mwenyewe aliuawa Audubon tarehe 21 Februari 1965.

Mtume wetu (S.A.W.) katika hija yake ya kuaga alitangaza kwamba Mwarabu hana ubora juu ya asiyekuwa Mwarabu, wala mweupe juu ya mweusi, isipokuwa kwa ucha-Mungu. Soko la watumwa la Mkunazini, hapa Unguja, lilifungwa mwaka 1873, na bado tunazo nyumba ambazo posa hurudishwa kwa sababu babu wa kijana alitoka bara, au kwa sababu ya rangi yake, hata kama dini na tabia yake hazina dosari. Mwezi huu wa Mfunguo Tatu ni mwezi wa harusi. Wazee wangu, nakuombeni kwa heshima na taadhima: akija kijana wa namna hiyo, mpokeeni, muulizeni dini yake na mwenendo wake, na nasaba msimuulize.

Idi Mubarak.