Tawi la frateniti lililofungwa lisifufuliwe kwa pupa

Ndugu Mhariri,

Frateniti, yaani chama cha kidugu cha wanafunzi wa kiume, inapofungiwa tawi lake katika chuo cha Marekani, magazeti huandika siku ya kufungwa na, pengine, siku ya hukumu. Miaka ikipita, wahitimu huanza kupigiana simu: tawi litarudi lini? Tunawaandikia hao, pamoja na vijana na wazazi, wakiwamo Waswahili wanaosoma huko, watakaoombwa kuwa wanachama wa mwanzo wa tawi linaloanza upya. Tawi la namna hiyo likifa mara ya pili, aghalabu halifi kwa kukosa watu. Linauawa na pupa ya kulijaza, na wahitimu wanaotaka walikute kama walivyoliacha.

Vyama hivi vya kidugu vya wanafunzi wa kiume, vyenye majina ya herufi za Kigiriki, ni vya zamani. Phi Beta Kappa kilianzishwa Virginia mwaka 1776, vile vya kijamii tunavyovizungumzia vikaota mizizi katika chuo cha Union, New York, kuanzia 1825. Alpha Phi Alpha, cha kwanza cha vyuoni kuanzishwa na wanafunzi weusi na kudumu hadi leo, kilizaliwa Cornell mwaka 1906. Mtu anayetaka kufufua tawi anarithi umri huo wote, mema na mabaya yake.

Kazi inaanza na karatasi. Chuo ndicho kinacholitambua tawi, na makao makuu ya frateniti ndiyo yanayotoa hati yake. Mmoja akikubali bila mwenzake, hakuna tawi. Kwa hiyo itafutwe barua ya adhabu yenyewe, isomwe neno kwa neno: ilitolewa na nani, inaisha lini, masharti ya kurudi ni yapi. Wahitimu wengi hutegemea walichosimuliwa, wakafika ofisi ya chuo na tarehe isiyo sahihi. Mazungumzo huharibikia hapo hapo.

Tawi likifungiwa miaka minne, muda huo una sababu yake. Ni muda unaotosha kwa kila mwanafunzi aliyeijua nyumba ya zamani kumaliza masomo na kuondoka. Ndiyo maana kosa linaloumiza kuliko yote katika kipindi hicho ni kundi la chinichini: vijana wanaoendelea kukutana nje ya chuo, wana fulana zao, wanapokea wapya kila mwaka, hawana mlezi wala bima. Kundi hilo likiwapo, saa ya miaka minne haijaanza kuhesabu, hata kalenda ikisema imekwisha. Wahitimu ndio wenye uwezo wa kulikata, kwa kuwa mara nyingi ndio wanaolilipia nyumba na sherehe. Wakate fedha, na waandikie chuo kwamba wamekata.

Kamati ya walezi iundwe mwaka mzima kabla ya kuandikisha kijana hata mmoja. Watu 5 hadi 7 wanatosha, kila mmoja na kazi moja: fedha, masomo, uandikishaji, afya na usalama, nyumba. Tungeshauri asiwemo yeyote aliyekuwa mwanafunzi wa tawi katika miaka minne ya mwisho kabla ya kufungwa, hata kama yeye mwenyewe hakukosa lolote. Si adhabu kwake. Vijana wapya watamwuliza zamani mlifanyaje, naye atajibu kwa nia njema, na kwa majibu hayo mila yote itarudi. Ni vizuri pia mlezi mmoja au wawili wawe watu wasiowahi kuwa wanachama, kwa mfano mhadhiri au mfanyakazi wa chuo, kwa sababu wataona mambo ambayo wenyeji wamekwisha kuyazoea.

Kwenye fedha, usifungue akaunti mpya kabla ya kujua hali ya ile ya zamani. Tawi lililolala huwa na madeni kwa wauza vyakula, kwa makao makuu, pengine kwa manispaa. Matawi mengi husamehewa kodi ya mapato kama vilabu vya kijamii chini ya kifungu cha 501(c)(7) cha sheria ya kodi ya Marekani, lakini msamaha huo unadai taarifa kila mwaka. Chama ambacho mapato yake kwa kawaida hayazidi dola 50,000 kwa mwaka hujaza fomu fupi ya 990-N mtandaoni. Taarifa zisipowasilishwa miaka mitatu mfululizo, msamaha hufutika wenyewe kisheria, hakuna anayekaa kuamua. Na miaka minne ya kufungwa ni mirefu kuliko mitatu. Mweka hazina wa mwisho alihitimu, barua za kodi zikaendelea kwenda nyumba isiyo na mtu. Basi mlezi wa fedha aulize mapema hali ya tawi na ya shirika linalomiliki nyumba, kila moja peke yake, na aangalie pia kama usajili wa shirika katika jimbo bado uko hai.

Bajeti ya mwaka wa kwanza isihesabu kila aliyeandikwa. Tuseme wanachama ni 25 na ada ni dola 300 kwa muhula. Jumla kwenye karatasi ni 7,500. Pangeni matumizi kama wanaolipa ni 20, yaani dola 6,000, mwondoe kwanza bima na ada za makao makuu, kisha 600 za akiba, ndipo mgawane kilichobaki. Hundi itiwe saini na watu wawili, mmoja akiwa mlezi. Asiyelipa wala kuweka mpango wa kulipa hadi wiki ya 6 asipige kura. Hili linaonekana kali kwa kijana anayehangaika, na kwa huyo upangwe mpango wa awamu tatu au nne bila kumwaibisha. Lakini deni likiachwa livuke muhula hugeuka desturi, na tawi changa halina mgongo wa kubeba desturi hiyo.

Nyumba ndiyo inayoleta pupa. Chukua nyumba ya vitanda 28 ambayo mkopo, kodi ya jengo, bima na umeme hufidiwa vitanda 22 vikikaliwa. Tawi la watu 25 litapata labda 14 walio tayari kuhamia. Pengo ni vitanda 8, na njia rahisi ya kuliziba ni kumpokea yeyote mwenye uwezo wa kulipa kitanda. Wale 8 waliochaguliwa kwa mfuko wao ndio mara nyingi watakaokuwa na usemi usiku wa sherehe, kwa sababu ndio wakazi. Ushauri wetu ni kwamba nyumba iendelee kupangishwa kwa wengine kwa mwaka wa kwanza, na wa pili ikibidi, vijana wakutane katika vyumba vya chuo. Siku ya kuirudia, awemo msimamizi mtu mzima anayeishi humo, na mfumo wa vinyunyizio vya kuzima moto uwe umekaguliwa. Tarehe 12 Mei 1996, siku ya mahafali, wanafunzi 5 walikufa kwa moto katika nyumba ya Phi Gamma Delta huko Chapel Hill, North Carolina. Nyumba haikuwa na vinyunyizio. Baadaye mji huo ulizilazimisha nyumba za frateniti kuviweka.

Kuhusu watu wa mwanzo, hatari isiyoonekana ni kundi la marafiki. Vijana 15 wa bweni moja au timu moja wakiingia pamoja katika tawi la 25, hamjaanzisha tawi. Mmelipatia kundi lao jina na bima, na kiongozi wao wanaye tayari. Afadhali waingie wachache wachache, kwa mahojiano ya mmoja mmoja, baada ya kuwaomba wahadhiri, wasimamizi wa mabweni na viongozi wa vyama vingine wapendekeze majina. Mchanganyiko wa miaka nao una maana: 8 wa mwaka wa kwanza, 9 wa pili, 6 wa tatu na 2 wa nne ni mpango unaoweza kusimama. Wakiwa wengi ni wa nne, tawi huondoka nao mwezi wa Mei. Na katika mahojiano ya kwanza kabisa kila mmoja aambiwe kwa nini tawi lilifungwa, nani aliumia, na adhabu ilikuwa nini. Anayeondoka baada ya kusikia hayo amewasaidia.

Pombe isiwepo katika shughuli yoyote ya mwaka wa kwanza. Umri wa kisheria ni miaka 21, na wengi wa vijana hawa hawajaufikia. Tangu Septemba 2019, frateniti zilizo katika baraza kuu la Amerika Kaskazini zilikwisha kukubali kwamba vinywaji vyenye kilevi zaidi ya asilimia 15 visiwe kwenye nyumba za matawi wala shughuli zao, isipokuwa vikiuzwa na mwenye leseni asiye wa tawi. Huo ni mpaka wa nje, na tawi jipya lina haki ya kusimama ndani zaidi.

Uonevu wa wapya ndio uliofunga matawi mengi, nao hauondoki kwa kubadilisha majina. Lambda Chi Alpha ilifuta daraja la wanagenzi, yaani kipindi cha kumjaribu mpya kabla ya kumpokea, mwaka 1972, vyama vinane vya weusi vikafuta la kwao 1990, Sigma Alpha Epsilon 2014. Hatua hizo zilikuwa sahihi, lakini pale ambapo vijana waliamini mpya lazima “astahili”, mateso yalihamia mafichoni. Mwaka 2017 Timothy Piazza alikufa Pennsylvania na Max Gruver akafa Louisiana, wote baada ya kunyweshwa pombe wakiwa wapya. Majimbo yao yalitunga sheria zenye majina yao mwaka uliofuata, na tangu Desemba 2024 sheria ya taifa inavitaka vyuo vichapishe majina ya vyama vilivyopatikana na hatia ya uonevu.

Tawi lililoanza upya lina bahati moja: waanzilishi hawakuonewa na mtu, hivyo hawana kisasi cha kuteremsha kwa wadogo zao. Walezi huona hilo, wakalegea. Wakati wa kuwa macho zaidi ni mwaka wa tatu na wa nne, waanzilishi wanapokuwa wakubwa. Wao walihangaika na fomu, mikutano na vyumba vya kuazima, kisha wanawatazama wapya wakikuta kila kitu tayari, na mmoja anasema hawa hawakutolea jasho lolote. Sentensi hiyo ikisikika kikaoni, mlezi asingoje tukio. Muda wa mapokezi ufupishwe usizidi wiki 6, ratiba yake yote iandikwe na kutumwa chuoni, usiku wa kumtambulisha mpya kwa kaka yake wa tawi uhamishiwe mchana. Kila baada ya wiki mbili mlezi akutane na wapya bila mwanachama mwingine chumbani, awaulize maswali matatu tu: jana mlilala saa ngapi, mmetumwa nini wiki hii, na kuna jambo mliloambiwa msiniambie?

Ni sisi,
Washauri wa matawi ya frateniti, Marekani