Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam: mzani hauoni udumavu

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Salaam. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, Mbagala, wilaya ya Temeke. Napita nyumba kwa nyumba na daftari langu na ule utepe wa kupimia mkono wa mtoto. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe, udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wake, linamgusa kila mzazi wa mkoa huu.

Mwezi uliopita niliingia nyumba moja ya wapangaji. Mtoto wa kiume wa miaka miwili na nusu alikuwa amekaa kibarazani na bibi yake, mbele yake kikombe cha chai ya rangi na nusu andazi. Mama yake anauza mihogo ya kukaanga pale eneo la Rangi Tatu, huondoka alfajiri. Nikamzungushia utepe mkononi: kijani, maana yake hajakonda. Nikampima uzito: kilo 11. Kwenye kadi ya kliniki hapo hakuna shida, na bibi akafurahi. Bahati nzuri siku hiyo nilikuwa nimeazima ubao wa kupimia kimo. Tukamsimamisha, visigino vikagusa ubao, bibi akamshika magoti asiyakunje. Sentimita 82. Mtoto wa kiume wa umri ule akiwa chini ya 85 tunamhesabu kuwa amedumaa. Nikapima tena, nikidhani nimekosea. Bibi akaniuliza, "Kwani kuna nini, mwanangu? Si umesema uzito uko sawa?"

Uzito ulikuwa sawa kwa sababu mtoto mfupi anahitaji kilo chache kuonekana amejaa. Udumavu ni kimo kwa umri, mzani hauuoni. Na zahanati nyingi ninazozifahamu zinapima uzito tu. Moja ina ubao kabisa, umeegeshwa nyuma ya kabati la mafaili.

Nikaifungua tena ile kadi. Nukta ya mwisho ilikuwa ya miezi 18, siku aliyochomwa chanjo ya pili ya surua na rubella. Baada ya hapo, patupu. Hivi ndivyo ilivyo kwa watoto wengi wa mitaa yetu: sindano zikiisha, mama anaona kliniki imeisha, wakati upimaji unatakiwa uendelee mpaka miaka mitano. Simlaumu. Kliniki ni asubuhi, na asubuhi ndiyo biashara yake. Akikosa wateja wa asubuhi, jioni hakuna mboga.

Mheshimiwa, udumavu ukitajwa, watu huitaja mikoa ya Iringa, Njombe na Rukwa. Sisi tuna masoko ya Feri, Ilala na Tandika, chakula cha nchi nzima kinashukia hapa, kwa hiyo tunajiona tuko salama. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Ukiugawa mkoa wetu mtaa kwa mtaa, naamini utakuta mitaa ambayo hali yake inatisha, imefichwa na wastani wa mkoa mzima.

Na hili si suala la urefu tu. Mtoto aliyekosa lishe, kuhara kwa kawaida kunamlaza wiki. Kila akihara anapoteza hata kile kidogo alichokula, na kinachofuata ni nimonia. Shirika la Afya Duniani linasema karibu nusu ya vifo vya watoto chini ya miaka mitano vinahusiana na utapiamlo. Akivuka, akikua na kunenepa kwa chipsi na soda, yuko karibu zaidi na kisukari na shinikizo la damu kuliko mwenzake. Tunatumia fedha nyingi wodini kutibu kilichoanzia kwenye kikombe cha chai. Chai yenyewe, ikinywewa pamoja na chakula, inauzuia mwili kufyonza madini chuma, na watoto wetu wengi tayari wana upungufu wa damu.

Nyumba ya bibi yule haikuwa na njaa. Dagaa walikuwepo, kwenye kopo, lakini ni wa wakubwa. Uji wa mtoto ulikuwa sembe tupu na sukari. Tukawachambua dagaa, tukawakaanga bila mafuta, tukawatwanga wakawa unga, kijiko kimoja kikaingia kwenye uji. Jirani akachungulia, kisha wakaja wengine wawili. Somo lile lilichukua nusu saa na halikuhitaji semina wala fulana.

Mwaka 2022 wakuu wa mikoa walisaini mkataba wa lishe mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan. Halmashauri zinatakiwa kutenga angalau shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Mtaa wenye watoto 800, hizo ni shilingi 800,000 kwa mwaka. Naomba tuambiwe zinafanya nini. Ibandikwe karatasi kwenye ubao wa matangazo wa kila ofisi ya serikali ya mtaa: zimetoka ngapi, zimenunua nini.

Pia Siku ya Afya na Lishe, ile ya kila baada ya miezi mitatu, isiishie kwenye taarifa. Iwekwe Jumapili jioni, karibu na soko au kituo cha daladala, mama amalize biashara apite na mwanawe. Awepo afisa lishe, uwepo ubao wa kimo, liwepo na jiko tupike. Tuwaite na mama lishe wa eneo hilo, maana wao ndio wanaolisha nusu ya mtaa na hakuna aliyewahi kukaa nao.

Mtoto yule nitampima tena baada ya miezi mitatu. Ningependa siku hiyo niende na ubao wa mtaa wetu, nisiazime tena.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mhudumu wa afya ngazi ya jamii,
Mbagala, Dar es Salaam