Baba anataka niwe msemaji wa familia, mimi namtazama Khaby Lame

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni fundi friji hapa Morogoro, nina miaka 29, na nina kigugumizi tangu utotoni. Baba yangu ni mwalimu mstaafu. Iwe msiba, harusi au mkutano wa mtaa, kipaza sauti lazima kimfikie. Kwake yeye, mwanaume asiyeweza kusimama akaongea hana uzito mbele za watu. Nilikua nikisikilizishwa hotuba za Mwalimu Nyerere redioni, kana kwamba nikizisikia vya kutosha ulimi utafunguka.

Ila mtu ninayemtazama mimi ni Khaby Lame. Nyumbani walicheka wote nilipowaambia. Ni yule kijana mzaliwa wa Senegal aliyekulia Chivasso, karibu na Turin huko Italia. Corona ilipoingia mwaka 2020 akapoteza kazi ya kiwandani, akaanza kurekodi video. Anakuonyesha mtu anayehangaika na jambo dogo kwa mbinu ndefu za ajabu, kisha yeye analifanya kawaida tu, anafungua viganja, anakutazama. Hasemi neno. Juni 2022 akawa ndiye mwenye wafuasi wengi kuliko wote TikTok. Hao wafuasi wala hawanishughulishi. Kilichonishika ni kwamba hasemi, na bado anaeleweka Dakar, Turin na hapa Kihonda.

Nikaanza kurekodi za kwangu. Friji nyingi ninazoletewa zimetobolewa na wenyewe: barafu ikiganda wanaichokoa kwa kisu, bomba linapasuka, gesi yote inaisha. Basi nikamwonyesha mtu anachokoa, halafu mimi nachomoa waya, naacha mlango wazi, navuta kiti nakunywa chai. Video nyingine nabana karatasi kwenye mlango wa friji. Ikivutika bila kukaza, ujue mpira umechoka. Siku hizi wateja wanafika karakana wakiwa wameshaelewa. Hakuna anayeinamisha kichwa kwa aibu akisubiri nimalize sentensi.

Baba ameziona. Alisema hakunisomesha niwe kituko. (Na ni yeye huyo aliyekuwa akimcheka Mr Bean mpaka anafuta machozi. Rowan Atkinson mwenyewe amewahi kueleza kuwa ana kigugumizi, ila sijathubutu kumwambia baba hilo.)

Sasa tatizo lenyewe. Mdogo wangu wa kike anaolewa, na upande wa mume wanaleta mahari mwezi ujao. Siku zote msemaji wetu ni baba mdogo. Safari hii baba ametangaza kikao kizima kikisikia kwamba nitaongea mimi, mtoto wa kwanza, ili niachane na mambo ya kibubu. Mama kanyamaza. Bibi harusi kanifuata pembeni, akasema hataki siku yake iwe mtihani wangu.

Nimefikiria kumwomba baba mdogo aongee, mimi nipokee bahasha, nihesabu mbele ya mshenga na kutia saini. Nayo ni kazi ya heshima. Lakini baba ataona nimekimbia, na kusema kweli, Shangazi, hapo ndipo ninapojitilia shaka. Khaby akitaka kuongea anaongea. Kunyamaza kwake amekuchagua mwenyewe, na kunamlisha. Mimi sikuchagua. Huenda nimempenda kwa sababu ananipa ruhusa ya kujificha, ingawa nikiwaangalia vijana wawili ninaowafundisha ufundi, wanaojifunza kwa kunitazama mikono tu, naona si kujificha hata kidogo.

Nimwambieje baba bila kumvunjia heshima, na nimwambie peke yake au nimpitie baba mdogo kwanza? Au nijikaze siku hiyo, nitoe angalau salamu, kisha nimwachie baba mdogo yaliyobaki? Na kama ungekuwa ni wewe mshenga umekaa pale mkekani, ungemwonaje kaka wa bibi harusi asiyesema kitu?

Fundi F., Morogoro